Nani Atamwosha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anaitwa Marcelina. Ana miaka sabini na moja, anauza dagaa hapa Katonga, na akifa mwanamke wa parokia yetu, yeye ndiye anayeitwa kumwosha. Nimekaa naye nyumba moja miaka kumi na tisa, kwa hiyo mkisikia nimemsema, jueni nina haki.

Kuosha maiti kwetu ni kazi ya akina mama wa jumuiya. Mtu anapokata roho, kabla hata maturubai na masufuria hayajafika, wanaitwa wawili watatu wenye moyo mgumu. Wanafunga mlango, wanamwosha mwenzao, wanamkausha, wanampaka mafuta na kumvika sare ya akina mama. Malipo hakuna, isipokuwa kipande cha sabuni kinachobaki. Mama ana vipande vya namna hiyo vimejaa kabatini. Ukimuuliza mbona hajioshei, anasema ngozi yake haipatani na sabuni ya msiba. Nguo za mume wangu na wanangu, kwa maelezo yake, zinapatana nayo bila shida.

Imani anayo, tena nyingi, ila ni imani ya mtu aliyeona mwisho wa watu wengi kwa karibu mno. Hana sala ndefu. Mahubiri yakizidi dakika ishirini anaanza kukunja khanga yake kama mtu anayejiandaa kushuka garini. Anasema siku za mtu zenyewe ni chache, haiwezekani zote zikaishie kwenye benchi. Jumatano ya Majivu mwaka huu, padre alipompaka jivu na kumkumbusha kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi, alijibu kwa sauti, "Ego, ndiyo, najua. Mimi ndiye ninayewapangusa." Padre akashikwa na kikohozi, na sisi tuliokuwa nyuma yake tukapakwa jivu na mtu anayecheka.

Basi mwezi wa tatu akafariki bibi mmoja jirani, mdogo kwake kwa miaka mitatu. Mama alikwenda akamwosha, akarudi. Siku nyingine akitoka kuosha anakula ugali mkubwa kuliko wa mvuvi. Siku hiyo alikaa kwenye kigoda nje akasukuma sahani, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Tulikuwa waoshaji sita," akaniambia. "Wanne nimewaosha mimi mwenyewe kwa mikono hii. Tumebaki mimi na Veneranda."

"Na Yunisi," nikasema. Yunisi alikuwa ameingizwa karibuni kuziba mapengo.

"Hilo ndilo ninaloliogopa, Wema. Veneranda hasemi na mimi. Nikifa leo nitaoshwa na Yunisi."

Yunisi ni mama mwema, simsemi vibaya, lakini ukimpa siri saa nne asubuhi, saa sita imeshafika Ujiji na njiani imenenepa. Nikamwambia Mama, kwa nia ya kumfariji, kwamba akishakufa hatajua nani anamwosha wala anasema nini.

"Nitajua," akasema. "Nitakuwa palepale nimelala."

Ndipo akanieleza, siku hiyo, jambo ambalo mume wangu, mtoto wake wa kumzaa, alikuwa halijui.

Alipokuwa na miaka kumi na saba, Mama alikaa kwa shangazi yake Kasingirima, na huko alipenda kijana wa Kiislamu aliyekuwa fundi baiskeli. Alimpenda hasa, mpaka akajichora jina lake kwenye nyonga ya kushoto, kwa sindano na masizi ya kibatari: ABDUL, herufi kubwa, urefu wa kidole. Nikamuuliza kama na yeye Abdul alijichora Marcelina.

"Alisema jina langu ni refu, lingemuuma."

Penzi likaisha, kama yanavyoisha ya mafundi baiskeli. Mama akaolewa na Gasper, mvuvi, Mkatoliki safi, asiyejua kusoma. Baada ya harusi Gasper akauliza yale maandishi ni nini. Mama akamwambia ni Kilatini, baraka aliyoandikiwa na masista alipokuwa mgonjwa. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, akaamini. Kila alipofika maeneo yale alifanya kwanza ishara ya msalaba.

Kisha serikali ikaleta madarasa ya ngumbaru, watu wazima wote wajifunze kusoma. Mama akaona maisha yake yamefika mwisho. Kila jioni Gasper aliposhika daftari lake, kazi ya haraka ilitokea: paa linavuja, kuni zimekwisha, mbuzi kapotea. Hawakuwahi kuwa na mbuzi. Gasper alitafuta mbuzi huyo karibu mwaka mzima, na alikufa hajui A wala B.

Aliyejua siri hii ni mmoja tu, Veneranda, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika sindano. Walikuwa marafiki wa chanda na pete, na siku ile ya masizi waliapizana: atakayetangulia kufa ataoshwa na mwenzake, mlango umefungwa, na mdomo umefungwa. Wakazeeka na kiapo chao. Mpaka miaka sita iliyopita, alipofariki Recho, dada yake Veneranda.

Recho alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama wa kusali kwa sauti mpaka bati zinatetemeka. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwasema watu wanaofunga hirizi, akiwaambia wamemfanya Mungu kuwa akiba na mganga kuwa mpango wenyewe. Alipokufa, Mama aliitwa kumwosha, Veneranda akiwa nje kwenye mkeka wa wafiwa. Akamvua Recho nguo, akakuta kiunoni hirizi tatu, zimeshonwa kwa ngozi na kuzeeka kabisa.

Mama anaapa kwamba alimwambia mtu mmoja tu. Ni kweli. Mtu huyo alikuwa Yunisi.

Mpaka jeneza linashushwa watu walikuwa wanakohoa kwa mtindo ule wa kuficha kicheko. Mhubiri akasema marehemu alijifunga mshipi wa imani, na mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia. Veneranda akauliza, akaambiwa. Siku ya tatu alikuja mialoni kwetu asubuhi, vichanja vimejaa dagaa na wanunuzi wamejaa barabara, akasimama mbele ya Mama. Hakupiga kelele. Alisema, "Marcelina, wewe utaoshwa na mdomo kama wako." Akaondoka, na baadaye akahamia Simbo kwa mwanawe Nehemia, anakolima.

Kwa hiyo mnaelewa shida ya mama mkwe wangu. Laana ile ilikuwa imeanza kupata mikono, na mikono yenyewe ni ya Yunisi.

Mtu mwingine angekwenda kuomba msamaha yakaisha. Mama alitafuta kwanza njia zote za kutoomba. Alikwenda kwa padre kumuuliza kama Mkristo anaweza kuzikwa bila kuoshwa, na nguo alizofia. Padre akamjibu kwa upole kwamba hata Bwana Yesu alizikwa kwa haraka.

"Ndiyo Padre, lakini yeye alikaa siku tatu tu," Mama akasema. "Mimi nitakaa sana."

Kisha akanichukua twende Ujiji kwa Mwanamvua, mteja wake wa dagaa wa miaka mingi, ambaye naye huosha wanawake wa Kiislamu mtaani kwao. Mama akamweleza haja yake kwa kuzungukazunguka. Mwanamvua akasema kumwosha mtu si tatizo, mtu ni mtu, ila hao waoshaji wa kanisani kwetu wana nini hata awakimbie?

"Wanasema wanachokiona," Mama akajibu.

"Haa! Sisi kwetu mwoshaji anasitiri. Ukiona kitu, unakizika pamoja na maiti. Ukikitangaza umebeba dhambi, tena kubwa, maana uliyemtangaza hawezi kukujibu."

Mama akainamia kikombe chake akanywa chai iliyokwisha. Nilimtazama, nikajua limempata. Mwanamvua, asiyejua chochote, akamuuliza hicho anachokificha ni kipi. Mama, kwa kuwa alikuwa ameshalegea, akasema.

"Abdul fundi baiskeli? Wa Kasingirima? Mwenye pengo hapa?" Mwanamvua akasimama. "Marcelina, yule ni kaka yangu! Tumemzika mwaka juzi!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akamalizia, "Na alikuwa amejichora, kweli, mkononi. Hasna."

"Hasna tu?"

"Hasna tu, mwenzangu."

Tulirudi Katonga. Nilitamani kumwambia kwamba Hasna kweli ni jina fupi, lakini nina adabu kidogo.

Jumanne iliyofuata tulipanda bajaji kwenda Simbo, na samaki wetu, migebuka mikavu, kwenye kikapu. Njiani Mama alijipanga kwa sauti. Atasema yaliyopita yamepita, sisi ni wazee, mauti yako mlangoni, tukumbuke kiapo chetu. Nikamwambia sijasikia mahali palipo na neno nisamehe. Akasema litakuja lenyewe mbele ya safari.

Nehemia alitupokea uani. "Shikamoo mama mdogo," akamwambia Mama, lakini hakutukaribisha haraka, alikuwa anaangalia mlango. Ndani tulimkuta Veneranda kwenye kitanda cha kamba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Kiharusi kilimpiga mwaka uliotangulia, na aliwakataza watu wa nyumbani wasiseme Katonga.

"Mwidiwe, Veneranda," Mama akamsalimu kwa kilugha.

Veneranda alimtazama. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo, lakini ukali wake wote ulikuwa umebaki.

"Umekuja kunikumbusha kiapo," akasema. "Nikuoshe kwa mkono upi?"

Mimi nikaona kazi imekwisha. Tuliyemfuata hawezi kuinua hata kikombe. Nilishaanza kufikiria bajaji ya kurudi. Lakini Mama alivuta kigoda akakaa, na lile neno, kwa mshangao wangu, likaja. "Nisamehe," akasema. "Nilimvua dada yako nguo mbele za watu."

"Sema kwa nguvu. Sikio la huku limekufa."

Mama akasema tena kwa nguvu. Akaambiwa bado. Akasema mara ya tatu mpaka kuku wakatoka chini ya kitanda.

"Sikio ni zima," Veneranda akasema. "Nilikuwa napenda kusikia." Kisha uso wake ukabadilika. "Unajua zile hirizi zilikuwa za nani?"

"Za Recho."

"Za wanawe. Alizaa watatu kabla ya hawa mnaowajua. Wote walikufa hawajatembea. Kila mmoja alikuwa amefungwa hirizi shingoni na bibi yao, na kila alipozika mtoto alifungua ile hirizi akaifunga kiunoni mwake. Hakuwa na picha, hakuwa na nguo, hakuwa na kaburi lenye jina. Ndizo alizokuwa nazo. Aliwasema watu wa hirizi kwa sababu alijua haziponyi, Marcelina. Alijua mara tatu."

Mimi nimezaa wanne na wote wako hai. Nilitoka nje nikasimama na Nehemia kwa muda, kwa sababu nilikumbuka kwamba siku ile ya mazishi na mimi nilikohoa.

Niliporudi Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga. Veneranda hakuwa amelainika hata kidogo. "Ulimtukana barabarani," akasema. "Sasa unakuja kuniomba radhi chumbani. Migebuka nitakula. Msamaha huo rudi nao."

Kwenye bajaji nilimwambia Mama ukweli. Hata akisamehewa, Veneranda hawezi kumwosha. Kama lengo lilikuwa kuficha nyonga, safari za Simbo zimekwisha, bora amzoee Yunisi kuanzia sasa, amletee hata samaki wa Pasaka. Tulipoliona ziwa akanigeukia.

"Wema," akasema, "unafikiri nimebakiza miaka mingapi?"

Nikasema, kama mkwe anavyopaswa, kwamba bado mingi.

"Muongo mkubwa. Nikifa kesho, mtu wa kwanza kunipokea kule juu atakuwa Recho. Na unamkumbuka Recho alivyokuwa na kofi."

Jumamosi asubuhi jumuiya ilikuwa kwetu. Tukasoma Injili, tukafika kwenye nia za maombi. Mtu akamwombea mgonjwa, mtu akaombea ziwa lililofungiwa uvuvi lifunguliwe mapema tupate riziki. Mama akasimama.

"Mimi sina nia," akasema. "Nina habari."

Akawaeleza habari za hirizi tatu. Hakusita, hakujipamba. Alisema yeye ndiye aliyetangaza, yeye peke yake, na kwamba alitangaza kitu asichokijua. Akataja watoto watatu wa Recho, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia majina yao: Adolf, Martini, na msichana aliyekufa kabla ya kupewa jina. Majina aliyapata kwa Nehemia kwa simu. Wanawake waliocheka miaka sita iliyopita, na walikuwamo wengi, wakaanza kuangalia sakafu yangu kana kwamba nimeifagia vibaya.

Ningekuwa yeye ningekaa. Mama akaendelea.

"Na kwa kuwa nilimvua mwenzangu, na mimi navua. Si nguo, msiogope." Akawapa habari yote ya Abdul, kuanzia masizi mpaka Kilatini.

Kwa muda hakuna aliyejua uso wa kuvaa. Mume wangu Bonifasi alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo kichwa chini.

"Mama," akasema polepole, "kwa hiyo Baba alikuwa akimpigia Abdul ishara ya msalaba?"

"Miaka thelathini, mwanangu."

"Na yule mbuzi?"

"Hakuwapo."

Yunisi ndiye aliyeanza kucheka. Baada ya hapo nyumba yote ikaenda. Katekista alijaribu kutuanzishia Salamu Maria mara mbili akashindwa katikati. Walicheka wiki nzima, mialoni, kisimani, mpaka kwenye foleni ya komunyo. Vijana wa bodaboda wakawa wanamwamkia, "Shikamoo Bibi Abdul." Aliwaitikia marahaba. Nilisubiri aone haya akafie chumbani. Badala yake akaanza kula vizuri.

Alhamisi akaniambia nimsindikize Simbo. Nikamuuliza anafuata nini, maana siri haipo tena ya kusitiri, na mkono wa Veneranda haufai. Akaniambia nichukue beseni kubwa na khanga mbili kavu.

Veneranda alikuwa ameketi akitusubiri. "Yunisi alinipigia simu Jumamosi saa tano," akasema. "Anasema umechorwa Abdul pamoja na baiskeli."

"Na kengele yake," Mama akasema.

Midomo ya Veneranda, ule upande unaoweza, ikacheza. Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Majina ya watoto uliyataja?"

"Wote. Na wa tatu, kwamba hakupewa."

Veneranda akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani. Mama akamwita Nehemia akamuuliza nani anamwogesha mama yake. Nehemia, mtu mzima mwenye ndevu, akaangalia miguu yake. Yeye ni mwanamume, akasema, na mkewe yuko kwao Kasulu kuuguza, kwa hiyo jirani mmoja huja Jumapili. Ilikuwa Alhamisi, na harufu ya chumba ilishatuambia hivyo kabla yake.

"Chemsha maji," Mama akamwambia. "Kisha utokomee."

Tukafunga mlango. Nilimshikilia Veneranda kwa nyuma, mwepesi kuliko nilivyotegemea, na Mama akamwosha. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya kazi yake. Mimi namjua mwanamke anayenipigia kelele kuhusu chumvi. Mikono ile ilikuwa haina haraka. Alianza na uso, nyuma ya masikio, shingo, chini ya matiti yaliyolala, katikati ya vidole kimoja kimoja, vya mkono mzima na vya mkono uliokufa sawasawa. Veneranda alifumba macho.

Na Mama akajisahau. Miaka arobaini mikono yake imejua njia moja tu. Ilipomaliza kukausha kifua ikauchukua mkono wa kulia wa Veneranda, ikaulaza kifuani, ikauchukua na wa kushoto, ikaulaza juu yake, kisha ikapanda kumfunga taya kwa kitambaa.

Veneranda akafumbua jicho moja.

"Bado, shetani wewe!"

Mama alishtuka akaangusha kitambaa ndani ya beseni. Wakatazamana. Kisha wakaanza kucheka, wale vikongwe wawili, Veneranda kwa nusu ya uso, mpaka nikaogopa atanitoka mikononi. Sijui ni wakati gani kicheko cha Mama kiligeuka. Nilimwona tu ameweka paji lake juu ya bega lile lenye maji, analia kwa sauti kama mtoto, na anasema, "Bado. Bado, Veneranda, bado." Veneranda aliutoa mkono wake mzima kifuani akampigapiga mgongoni, na mimi huku nyuma nikalia pia, bila hata kitambaa, kwa kuwa mikono yangu yote ilikuwa na kazi.

Alipotulia, Mama alipenga kamasi, akaninyooshea kata. Mgongo ulikuwa bado, na maji yalikuwa yameanza kupoa.